Shang Yang au Li Si: uanze na maisha ya waziri yupi wa Qin?

Ukitaka kuelewa jinsi mtu alivyoweza kupanda hadi kando ya kiti cha enzi katika China ya kale, kisha akaporomoka, majina mawili yatakujia mapema: Shang Yang na Li Si. Wote wawili waliitumikia dola moja, Qin, iliyokuwa upande wa magharibi kwenye bonde la mto Wei. Wote walikuwa wageni huko. Wote waliamini kwamba nchi husimama kwa sheria kali kuliko kwa wema wa mtawala. Na wote waliuawa, koo zao zikafutwa: Shang Yang mwaka 338 K.K., Li Si mwaka 208 K.K. (Miaka yote nitakayoitaja ni kabla ya Kristo, isipokuwa ile ya uvumbuzi wa siku hizi.)

Kwa sababu ya mfanano huo, watu huwachanganya, au humsoma mmoja wakadhani wameshamjua na wa pili. Sivyo. Mwalimu anayetafuta kisa cha kufundishia, kikundi cha maigizo kinachotafuta mhusika, au msomaji mwenye nafasi ya maisha ya mtu mmoja tu, atapata vitu viwili tofauti kabisa kulingana na aliyemchagua. Mimi nina upande wangu, nao ni Li Si. Lakini wapo ambao ningewaambia bila kusita waanze na Shang Yang.

Jinsi walivyoingia

Shang Yang alizaliwa katika ukoo uliotawala nchi ndogo ya Wey, lakini mama yake hakuwa mke mkuu, hivyo damu yake haikumpa cheo. Alikwenda kufanya kazi katika dola jirani ya Wei (majina yanakaribiana, ila ni nchi mbili), chini ya waziri mkuu Gongshu Cuo. Gongshu alipougua ugonjwa wa kufa, alimwambia Mfalme Hui: mkabidhi kijana huyu nchi, na kama hutaki, muue, asivuke mpaka. Mfalme alipotoka, mgonjwa akamwita Yang, akamweleza yote na kumsihi akimbie. Yang akamjibu kwamba mfalme aliyekataa ushauri wa kumpa kazi hatafuata ushauri wa kumuua. Akabaki pale pale, na hakuguswa. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote: aliwapima watu kwa ubaridi, na kwa muda mrefu hakukosea.

Mwaka 361 mtawala wa Qin, Xiao, alitangaza kwamba anatafuta watu wenye akili wa kuirudishia nchi yake heshima na ardhi iliyopotea. Yang akaenda. Mara ya kwanza alimweleza Xiao mwenendo wa watawala watakatifu wa zamani, Xiao akasinzia. Alirudi na hoja nyingine, ikapokelewa kwa shingo upande. Alipofika kwenye namna ya kuipa nchi nguvu haraka, Xiao alijikuta anasogea mbele kwenye mkeka bila kujua, na mazungumzo yakaendelea siku kadhaa.

Li Si alianzia chini zaidi. Alikuwa karani mdogo huko Shangcai, katika dola ya Chu. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han iliyokuja baada ya Qin, ambaye ndiye chanzo chetu kikuu kwa watu hawa wawili, anasema Li Si aliona panya wa chooni wakila uchafu na kukimbia kwa hofu kila anapopita mtu au mbwa, kisha akaona panya wa ghalani wakila nafaka kwa utulivu chini ya paa kubwa. Akahitimisha kwamba heshima ya mtu inategemea mahali alipojiweka. Akaacha ukarani, akaenda kusoma kwa Xunzi, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa wakati ule, pamoja na Han Fei. Mwaka 247 alifika Qin na kujiunga na watu wa waziri mkuu Lü Buwei, ambaye alimfungulia njia ya kumfikia mfalme kijana, Zheng, yule ambaye baadaye alijiita Mfalme Mkuu wa Kwanza.

Mwaka 237 iligundulika kwamba Zheng Guo, mhandisi kutoka dola ya Han (jirani wa Qin, si enzi ya Han ya baadaye) aliyekuwa akichimba mfereji mkubwa wa umwagiliaji, alitumwa ili kuichosha Qin kwa kazi hiyo. Wazawa wakataka wageni wote wafukuzwe. Li Si, akiwa kwenye orodha ya wanaoondoka, aliandika waraka kwa mfalme. Alimkumbusha kwamba Qin ilijengwa na wageni, na mmoja wa aliowataja kwa jina ni Shang Yang: sheria zake zilibadili desturi, watu wakashiba, majeshi yakashinda. Jinsi Shang Yang alivyokufa hakugusia. Amri ikafutwa, naye akarudishiwa kazi.

Utaona tangu hapa kwamba hawa ni watu wa aina mbili. Shang Yang anaingia akiwa na mpango wa nchi mkononi. Li Si anaingia akiwa na akili kubwa na hofu kubwa ya kurudi alikotoka. Hofu hiyo ndiyo itakayomponza, na ndiyo inayonifanya nimsome tena na tena.

Walichokifanya wakiwa na madaraka

Hapa Shang Yang anamshinda Li Si kwa mbali, hasa kwa msomaji anayependa kujua dola inavyojengwa. Kabla ya kutangaza sheria zake alisimamisha mti wa takriban mita 7 kwenye lango la kusini la soko, akaahidi vipimo 10 vya dhahabu kwa atakayeuhamishia lango la kaskazini. Watu wakaona ajabu, hakuna aliyethubutu. Akapandisha hadi 50. Mtu mmoja akauhamisha, akalipwa papo hapo. Ndipo sheria zikatoka, watu wakiwa wameshaona kwamba serikali ikisema, inatenda.

Na sheria zenyewe zilikuwa nzito. Kaya ziliandikishwa katika vikundi vya tano na vya kumi, kila mmoja akiwajibika kwa kosa la mwenzake. Asiyemfichua mhalifu alikatwa vipande viwili kiunoni. Aliyemfichua alituzwa sawa na askari aliyekata kichwa cha adui. Kaya yenye wanaume wazima wawili au zaidi wasiogawana makazi ilitozwa kodi maradufu. Waliozalisha nafaka na nguo kwa wingi walisamehewa kazi za lazima. Vyeo vilitolewa kwa ushujaa wa vitani, na hata ndugu wa mtawala asiye na sifa vitani aliondolewa kwenye daftari la ukoo wa kitawala. Mwaka 350 mji mkuu ukahamia Xianyang, nchi ikagawanywa katika wilaya zenye maofisa wa kuteuliwa, na vipimo vikawa vya namna moja.

Baada ya miaka 10, anasema Sima Qian, hakuna aliyeokota kitu cha mwenzake njiani. Baadhi ya waliozilaumu sheria mwanzoni walikuja kuzisifu. Shang Yang akasema hawa nao ni wavurugaji, akawahamishia mpakani. Tangu hapo hakuna aliyefungua mdomo, si kwa lawama wala kwa sifa. Sijui kisa kifupi zaidi kinachoonyesha alitaka nchi ya namna gani.

Kazi ya Li Si ilikuwa kuendeleza na kupanua. Mwaka 221 Qin ilipomaliza kuziteka dola zote, mawaziri walitaka wana wa mfalme wapewe nchi za mbali wazitawale. Li Si, wakati huo akiwa mkuu wa sheria, alipinga: ndugu wa leo ni maadui wa vizazi vijavyo. Mfalme akamkubalia, na dola nzima ikagawanywa katika mikoa 36 chini ya magavana. Maandishi, mizani na upana wa ekseli za magari vikafanywa vya namna moja. Li Si hutajwa kuwa na mkono mkubwa katika hati iliyochaguliwa, na nakshi za mawe alizosimamisha mfalme, kama ile ya mlima Tai, zimehesabiwa kwa karne nyingi kuwa mwandiko wake.

Lakini mwaka 213, akiwa waziri mkuu, alijibu hotuba ya msomi mmoja aliyesifu desturi za zamani kwa kupendekeza vitabu vichomwe: historia za dola nyingine, mashairi na nyaraka za kale, maandiko ya falsafa yaliyokuwa mikononi mwa watu binafsi. Vilivyoachwa ni vya tiba, ubashiri na kilimo. Aliyetumia ya kale kuikosoa serikali ya sasa auawe na ukoo wake. Mwanafunzi wa Xunzi ndiye aliyeandika hayo. Na kabla yake, mwaka 233, mwanafunzi mwenzake Han Fei alipokuja Qin na mfalme akavutiwa naye, Li Si alishiriki kumfitini hadi akafungwa, kisha akampelekea sumu gerezani. Kwa anayetaka mhusika aliyechafuka taratibu, kosa moja likilifungulia njia lingine, hatapata zaidi ya huyu.

Anguko

Anguko la Shang Yang lilianza mapema sana, na kila mtu aliliona likija. Mrithi wa kiti alivunja sheria. Shang Yang hakuweza kumwadhibu mtawala wa kesho, basi akawaadhibu walezi wake: mmoja alichorwa alama ya aibu usoni, na mwingine, Gongzi Qian, baadaye alikatwa pua. Gongzi Qian hakutoka nje kwa miaka 8. Shang Yang akawa anatembea na msafara wa magari na walinzi wenye silaha. Mwaka 340 aliishinda Wei kwa hila: alimwalika jemadari wao, Gongzi Ang, waliyejuana tangu zamani, waje wanywe na kufanya amani, kisha akamkamata mezani. Kwa ushindi huo alipewa miji 15 ya Shang, na ndipo lilipotoka jina tunalomwita.

Mtu mmoja aitwaye Zhao Liang alimshauri arudishe miji hiyo na akalime mahali pa kimya, kwa kuwa Xiao akifa hakuna atakayemkinga. Hakusikia. Miezi mitano baadaye Xiao akafa, mrithi yule yule akakalia kiti, na watu wa Gongzi Qian wakamshtaki kwa uasi. Alikimbia hadi karibu na mpaka, akaomba kulala kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, asiyemjua, akamwambia kwamba kwa sheria ya Bwana Shang, anayempokea mtu asiye na kitambulisho anaadhibiwa pamoja naye. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe, na hapa methali hiyo haihitaji kupindishwa hata kidogo. Wei nao walimkataa kwa sababu ya Gongzi Ang. Alirudi Shang, akakusanya askari wachache, akashindwa na kuuawa, na mwili wake ukararuliwa kwa magari ya farasi. Sheria zake, mtawala mpya aliziacha zilivyo.

Ni kisa kikali, ila kina ukomo mmoja: baada ya pua ya Gongzi Qian, hakuna tena uamuzi wa kukukosesha usingizi. Ushauri wa Zhao Liang ulikuwa nafasi ya mwisho, naye aliipita bila kugeuka. Shang Yang hasiti, na mtu asiyesita ni vigumu kumwingia moyoni.

Li Si anasita. Kilele chake kilikuwa karamu nyumbani kwake: mwanawe mkubwa, Li You, alikuwa gavana wa mkoa wa Sanchuan, wanawe wameoa mabinti wa mfalme, binti zake wameolewa na wana wa mfalme, na nje yamesimama magari zaidi ya elfu. Li Si aliguna. Akakumbuka mwalimu wake Xunzi alivyoonya dhidi ya kila kinachozidi kustawi, akasema hajui atafungulia wapi farasi zake, yaani safari yake itaishia wapi. Alijua. Hili ndilo linaloumiza katika maisha yake: kila hatua alijua.

Mwaka 210 mfalme alifia safarini, mahali paitwapo Shaqiu. Alikuwa ameandika barua kumwita mwanawe mkubwa, Fusu, aliyekuwa mpakani kaskazini pamoja na jemadari Meng Tian na jeshi la watu 300,000, aje Xianyang kusimamia mazishi. Barua ilibaki mikononi mwa Zhao Gao, aliyetunza mihuri. Zhao Gao akamshawishi kwanza mwana mdogo, Huhai, kisha akamwendea Li Si.

Mazungumzo yao, kama Sima Qian anavyoyaeleza, ndiyo kurasa ninazopendekeza kuliko nyingine zote. Li Si anaanza kwa hasira: hayo ni maneno ya kuangamiza nchi. Zhao Gao hambishii. Anamuuliza maswali matano: kwa uwezo, kwa mchango, kwa kuona mbali, kwa kutochukiwa na watu, kwa kuaminiwa na Fusu, je, wewe ni sawa na Meng Tian? Li Si anakiri hafikii hata kimoja. Basi Fusu akitawala, anasema Zhao Gao, Meng Tian atakuwa waziri mkuu, na mawaziri wa Qin walioondolewa hawafi vitandani mwao. Li Si anakataa tena, anataja kwamba yeye ni mtu wa kawaida wa Shangcai aliyeinuliwa na mfalme. Anakataa tena. Mwishoni anatazama mbinguni, analia, anakubali.

Barua ya uongo ikamwamuru Fusu ajiue. Meng Tian aliishuku, akamtaka aulize kwanza, Fusu hakungoja. Mwili wa mfalme ukarudishwa Xianyang katika joto, na magari yakapakiwa samaki wa chumvi ili kuficha harufu.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 209 uasi ulizuka, na Li You akashindwa kuwazuia waasi wasipite mkoani kwake. Kwa kuogopa lawama, Li Si alimwandikia mfalme mpya waraka wa kumfurahisha, akisifu ukaguzi na adhabu kali. Zhao Gao naye akamtega: akamwambia aende kumshauri mfalme, na kila mara akamwita wakati mfalme yumo kwenye starehe na wanawake, hadi mfalme akachukia. Ukafuata mshtaka wa uhaini. Li Si alipigwa viboko zaidi ya elfu moja akakiri. Gerezani aliandika waraka wa kuorodhesha "makosa" yake saba, na kila kosa ni jambo alilolifanyia dola. Zhao Gao akautupa, akisema mfungwa hana haki ya kumwandikia mfalme. Kisha akawatuma watu wake wakijifanya wakaguzi wa mfalme. Kila Li Si alipokana kukiri kwake, alipigwa upya. Mkaguzi wa kweli alipofika, hakuthubutu kukana.

Mwaka 208 alitolewa sokoni Xianyang kukatwa kiunoni. Alimgeukia mwanawe wa kati akasema angetamani watoke tena pamoja na mbwa wao wa njano kwenye lango la mashariki la Shangcai kuwinda sungura, lakini haiwezekani tena. Baba na mwana wakalia. Miaka miwili baadaye dola ya Qin haikuwepo.

Ushahidi uliopo

Huu ni upande ambao waandishi wengi huuruka, na kwa mwalimu una uzito mkubwa. Sima Qian aliandika zaidi ya karne moja baada ya Li Si, na karne mbili baada ya Shang Yang. Mazungumzo ya Shaqiu yalikuwa ya siri ya watu wawili. Hakuna aliyekaa pembeni akiandika.

Kwa Shang Yang, vitu vya mkononi vinasaidia. Jumba la makumbusho la Shanghai lina kipimo cha shaba cha mwaka 344 chenye jina lake, kinachobeba takriban mililita 200. Chini yake imechongwa amri ya mwaka 221 ya Mfalme wa Kwanza kuhusu vipimo. Kifaa kimoja kinakuonyesha kazi ya mmoja ikiendelea hadi wakati wa mwingine. Mwaka 1975 huko Shuihudi, mkoani Hubei, kaburi la ofisa mdogo wa Qin lilifukuliwa likiwa na vipande zaidi ya 1,000 vya mianzi, vingi vikiwa na sheria za Qin. Ni za baada ya Shang Yang, na zimeendelea kukua, lakini ukizisoma unaona mashine ile ikifanya kazi, na unaona pia kwamba ilikuwa na taratibu makini kuliko picha ya ukatili mtupu.

Kwa Li Si, uvumbuzi unavuruga. Chuo Kikuu cha Peking kilipokea mwaka 2009 maandishi ya mianzi ya enzi ya Han, na miongoni mwake kuna simulizi ambamo mfalme anayekaribia kufa anakubali pendekezo la Li Si na mwenzake kwamba Huhai arithi. Hakuna barua iliyoghushiwa. Simulizi hiyo haimfuti Sima Qian, na mimi bado namwamini zaidi kuhusu tabia ya Li Si, lakini inabadili kosa lenyewe: njama inakuwa chaguo baya.

Nani achague yupi

Kama swali lako ni jinsi nchi maskini ilivyogeuka kuwa dola yenye nguvu, na gharama waliyolipa raia, chukua Shang Yang. Ndivyo pia kwa wanafunzi wa sheria na utawala. Masimulizi yake ni mafupi, utayamaliza kwa jioni moja, na mti wa sokoni pamoja na nyumba ya wageni vitabaki kichwani mwa darasa lolote. Kwa wanafunzi wadogo, yeye ndiye wa kuanza naye, kwa sababu sababu na matokeo havifichiki.

Kama swali lako ni jinsi mtu mwenye akili na elimu anavyojiuza hatua kwa hatua huku akijua, mchague Li Si, na usiogope urefu. Kikundi cha maigizo kisihangaike hata kulinganisha: Shaqiu ni onyesho lililokwisha kuandikwa, watu wawili chumba kimoja, maiti chumba cha pili. Kwa darasa la wakubwa, wape kwanza masimulizi ya Sima Qian, wajadili Li Si alistahili lawama kiasi gani, kisha wape yale ya mianzi ya Peking na uwaulize swali lile lile.

Ukiwa na nafasi ya wote wawili, anza na Shang Yang, kisha soma waraka wa mwaka 237 kabla ya kumwingia Li Si. Ni kurasa chache, ni hoja safi kuliko zote alizowahi kuandika, na aliiandika wakati bado alikuwa na kitu kimoja tu cha kupoteza.